Ukikamatwa kwa Kuendesha Gari Umelewa, Lubumbashi: Mwongozo wa Kujitetea Kuanzia Barabarani hadi Mahakamani

Kesi nyingi za ulevi barabarani hapa Lubumbashi, nchini Kongo (DRC), huwa zimekwisha kuandikwa kabla jua halijachomoza. Dereva anasimamishwa saa saba za usiku akitoka mitaa ya Kenya au Kamalondo, anapelekwa kituoni, anahojiwa na ofisa aliyechoka kama yeye, anasogezewa karatasi aweke sahihi, naye anaiweka kwa sababu anataka kurudi nyumbani. Baadaye, mbele ya hakimu, wakili wake anahangaika kuzibomoa sentensi tatu zilizomo katika karatasi ile, na mara nyingi anashindwa, kwa kuwa mteja wake mwenyewe ndiye aliyezikubali. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unakaa zaidi kwenye saa za mwanzo kuliko kwenye hotuba za mahakamani. Umeandikwa kwa ajili ya dereva, kwa ajili ya mke au kaka anayepigiwa simu usiku, na kwa ajili ya mwenye gari ambaye hakuwepo kabisa. Hauchukui nafasi ya wakili aliyeisoma faili yako.

Kwanza: jua unashtakiwa kwa sheria ipi

Neno "ulevi" linatumika ovyo kituoni, na familia nyingi hazijui hata kosa lenyewe ni lipi. Muulize ofisa swali hilo waziwazi, maana majibu yanaweza kuwa matatu na kila jibu lina uzito wake.

Jibu la kwanza ni ulevi peke yake: hakuna aliyeumia, hakuna kilichogongwa. Hapo unaguswa na Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ambayo wanasheria bado wanaiita "nouveau code de la route" ingawa upya wake ni wa zamani kuliko madereva wengi wanaoshtakiwa nayo. Sheria hiyo ndiyo inayoongoza mwendo wote wa barabarani, ikiwa ni pamoja na hali ya dereva mwenyewe na wajibu wake wa kusimama baada ya ajali.

Jibu la pili na la tatu ni mazito. Mtu akijeruhiwa au akifa, mwendesha mashtaka anafungua Kanuni ya Adhabu, Kitabu cha Pili, ibara ya 52 hadi ya 54. Ibara ya 52 inasema kwamba ana hatia ya kuua au kujeruhi bila kukusudia yule aliyesababisha madhara kwa kukosa kuona mbele au kukosa tahadhari, bila nia ya kumdhuru mwenzake. Kwa kifo, ibara ya 53 inatoa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2 pamoja na faini. Kwa majeraha, ibara ya 54 inatoa siku 8 hadi mwaka 1, pamoja na faini au adhabu moja kati ya hizo. Angalia vizuri jinsi pombe inavyoingia hapa: inaletwa kama uthibitisho wa kukosa tahadhari. Upande wa mashtaka unapaswa bado kuonyesha kwamba ukosefu huo wa tahadhari ndio uliosababisha ajali. Mlango huo ni mwembamba, lakini upo, na tutaurudia.

Makosa haya, kwa kuwa adhabu yake haivuki miaka mitano, yanaamuliwa kwa kawaida na mahakama ya amani, ile ambayo kwenye karatasi utaisoma "tribunal de paix" na watu wanaiita Tripaix kwa kifupi. Ikiwa aliyekuwa kwenye usukani ni mwanajeshi au polisi, faili inakwenda kwa vyombo vya sheria vya kijeshi, na mengi ya yanayofuata hapa yatahitaji mtu anayezifahamu korti hizo.

Barabarani: dakika kumi za kwanza

Simama pembeni, zima injini, washa taa ya ndani, weka mikono mahali inapoonekana. Toa leseni, kadi ya waridi ya gari ("carte rose", hati ya usajili) na karatasi ya bima. Msalimie rulaji, yaani polisi wa barabarani, kwa heshima, "Chef, bonsoir," kisha punguza maneno. Taja jina lako na unakokaa bila kusita. Swali la "Umekunywa ngapi?" ni la aina nyingine. Kulijibu kwa uongo ni kosa la akili, kwa sababu uongo ule utaandikwa na kipimo kikija kitakuumbua. Kulijibu kwa mbwembwe, "Mbili tu, chef, nazibeba vizuri," ni kukiri. Unaweza kusema kwa utulivu kwamba utajibu ukiwa na mtetezi wako. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ibara ya 19, inampa kila mtu haki ya kujitetea mwenyewe au kusaidiwa na mtetezi anayemchagua katika ngazi zote za kesi ya jinai, na inataja kwa jina uchunguzi wa polisi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao nchi yetu iliingia mwaka 1976, unaongeza katika ibara ya 14 kwamba mshtakiwa halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya nafsi yake wala kukiri kosa.

Sasa jambo ambalo kila mtu analiwaza. Pesa mkononi, ndani ya leseni iliyokunjwa, inaonekana kuwa njia fupi. Sheria namba 05/006 ya tarehe 29 Machi 2005 inaadhibu rushwa kwa anayepokea na kwa anayetoa, na kosa hilo ni zito kuliko lile ulilosimamishiwa. Tena, pesa ile haifungi kitu: haina risiti, haizuii rulaji wa kona inayofuata, na ikiwa kuna majeruhi haimzuii mtu yeyote kufungua kesi kesho. Njia halali inayofanana nayo ipo, na inaitwa "amende transactionnelle". Kwa ibara ya 9 ya Kanuni ya Mwenendo wa Jinai, yaani dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959, ofisa wa polisi ya mahakama, OPJ, akiona kwamba korti isingetoa zaidi ya faini, anaweza kumwalika mhusika alipe kiasi fulani kwa Hazina ya Serikali. Malipo hayo yanazima mashtaka, isipokuwa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, ikiamua vinginevyo. Alama ya kuitambua njia halali ni karatasi: bila risiti ya Serikali yenye jina lako, tarehe na sababu ya malipo, umepoteza pesa na kesi bado iko hai.

Kukiwa na ajali, majeruhi ndiye wa kwanza. Mpigie simu mtu mwenye gari zima, omba msaada wa kumfikisha Sendwe au hospitali iliyo karibu zaidi, na usiondoke. Kukimbia baada ya kugonga ni kosa linalojitegemea, na kuacha kumsaidia mtu aliye hatarini ni lingine. Hata hivyo sote tunajua barabara zetu: kuna mitaa ambayo umati hukusanyika kabla polisi hawajafika, na mawe hayaulizi nani alikuwa na haki. Ukilazimika kuondoka kwa kuokoa uhai wako, nenda moja kwa moja kwenye kituo cha polisi kilicho karibu, jitaje, eleza ajali ilitokea wapi, na omba saa uliyofika iandikwe kitabuni. Aliyejipeleka kituoni baada ya dakika kumi anatofautiana sana, machoni pa hakimu, na aliyekutwa amelala kwake asubuhi.

Kituoni: saa 48 na karatasi moja

Ibara ya 18 ya Katiba ndiyo ngao yako. Aliyekamatwa anaelezwa papo hapo sababu za kukamatwa kwake, katika lugha anayoielewa. Anaelezwa haki zake. Anaruhusiwa kuwasiliana mara moja na familia yake na mshauri wake. Na hawezi kuwekwa kasho, yaani mahabusu ya polisi, zaidi ya saa 48. Saa hizo zikiisha anaachiwa au anakabidhiwa kwa parke. Kwa hiyo familia, andikeni saa. Andikeni saa aliyokamatwa, saa aliyoingia kasho, jina na cheo cha OPJ anayeshika faili. Pelekeni chakula, maji, dawa zake kama anatumia dawa, na kitambulisho chake. Msiende watu kumi. Nendeni wawili, mmoja wa kuongea na mmoja wa kuandika.

Kisha inakuja karatasi, "procès-verbal", ile PV. OPJ anauliza kwa Kiswahili, unajibu kwa Kiswahili, yeye anaandika kwa Kifaransa. Kati ya mdomo wako na karatasi ile kuna tafsiri ambayo hukuisikia. Umesema, "Niliteleza kwa sababu ya shimo," na kwenye karatasi panaweza kusomeka kwamba umepoteza uwezo wa kulimudu gari. Hakuna lazima ya kudhani ubaya. Ni usiku, ni haraka, na msamiati wa PV umezoeleka. Lakini mwishoni kutakuwa na maneno "lecture faite, persiste et signe", maana yake: amesomewa, anashikilia maneno yake, na anaweka sahihi. Chini yake ofisa anaandika kiapo chake: "Je jure que le présent procès-verbal est sincère." Ukiweka sahihi chini ya "persiste", umesema kwamba tafsiri ile ni yako.

Kwa hiyo fanya hivi. Omba usomewe yote, sentensi kwa sentensi, kwa Kiswahili. Sentensi isiyo yako, omba irekebishwe kabla ya sahihi. Ikikataliwa, andika kwa mkono wako mwenyewe, juu ya sahihi, kwamba hukubaliani na jibu la namba fulani. Au kataa kuweka sahihi na omba kukataa kwako kuandikwe pamoja na sababu. Ikiwa kweli umelewa kiasi cha kutofuata mazungumzo, omba mahojiano yasubiri asubuhi: karatasi inayosema kwamba mtu hakuweza kusimama, na papo hapo inadai kwamba alielewa na kukubali maswali kumi na mawili, inajipinga yenyewe, na wakili mzuri ataisoma hivyo kwa sauti mbele ya hakimu.

Gari likishikwa, lipige picha pande zote, orodhesha vilivyomo, kuanzia gurudumu la akiba hadi kadi ya simu, na omba aliyelipokea atie sahihi.

Kipimo: penye hesabu na penye mashaka

Kwetu ulevi unathibitishwa mara nyingi kwa maneno: harufu ya pombe, macho mekundu, kuyumba, ulimi mzito. Mara nyingine kuna mashine ya kupuliza, na mara nyingine OPJ anaandika "réquisition à médecin", barua ya kumwamuru daktari akuchunguze au achukue damu. Usiiogope barua hiyo kupita kiasi. Kwa mtu aliyekunywa kidogo, daktari ni shahidi bora kuliko pua ya ofisa, na hata wewe mwenyewe unaweza kuomba upelekwe, ombi lako likaandikwa kwenye PV.

Hesabu yenyewe inawashangaza wengi. Chupa kubwa ya bia, sentilita 72, yenye asilimia 5, ina gramu 28 hivi za pombe halisi. Kwa mwanaume wa kilo 70, chupa hiyo moja inaweza kupandisha pombe katika damu hadi karibu gramu 0.6 kwa lita; kwa mwanamke wa uzito uleule, zaidi kidogo. Mwili unaondoa takriban gramu 0.15 kwa lita kwa kila saa, wala kahawa, maji baridi, supu ya pilipili au kulala nusu saa havibadilishi kasi hiyo. Aliyekunywa chupa tatu kuanzia saa mbili usiku bado ana karibu gramu 0.3 saa kumi na mbili asubuhi. Ndiyo maana madereva wa migodi wanaopuliza kipimo getini alfajiri wanaapa kwamba "nililala vizuri", na wanasema kweli, na mashine nayo inasema kweli. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, haina hesabu kabisa, kwa kuwa hakuna ajuaye nguvu ya chupa aliyouziwa.

Upande wa pili wa hesabu hiyohiyo ndio silaha ya utetezi. Pombe inachukua muda kuingia katika damu, kati ya nusu saa na saa moja na nusu hivi, kutegemea kama tumbo lina chakula. Kipimo kilichochukuliwa saa mbili baada ya ajali kinaeleza hali ya saa hiyo; hali ya saa ya ajali inahitaji mtaalamu aihesabu. Ikiwa baada ya ajali mtu alikupa kinywaji "utulize moyo", jambo ambalo watu wetu hulifanya kwa nia njema, liseme mapema na umtaje huyo mtu, maana likija kusemwa mahakamani kwa mara ya kwanza litaonekana limetungwa. Mashine ya kupuliza inaweza kusoma pombe iliyobaki mdomoni, ya bia uliyomeza sasa hivi au ya dawa ya kusukutua. Inatakiwa kusubiri dakika 15 kabla ya kupuliza. Uliza mashine ilirekebishwa lini na nani. Kwa damu, uliza ngozi ilisafishwa kwa dawa gani kabla ya sindano, chupa ilifungwa na kuandikwa jina na nani, na ilikaa wapi hadi maabara.

Kuna pia magonjwa yanayovaa sura ya ulevi. Mwenye kisukari ambaye sukari imeshuka anayumba na kuongea ovyo. Sukari ikipanda sana pumzi yake inanuka kama tunda lililochacha. Aliyegonga kichwa kwenye usukani anatapika, anasahau jina la mtaa wake, anasinzia. Mtu wa namna hii anahitaji hospitali kabla ya kasho, na karatasi ya daktari ya usiku uleule itamwokoa uhai na kesi kwa pamoja. Familia mkijua ndugu yenu ana ugonjwa huo, msingoje kuulizwa.

Parke: kupigania uhuru kabla ya kupigania kesi

Ibara ya 17 ya Katiba inasema uhuru ndiyo kanuni na kuzuiliwa ni hali ya nadra tu. Ukweli wa kila siku unajulikana. Ili kukuweka kizuizini, hakimu wa parke anahitaji dalili nzito za hatia na, kwa kawaida, kosa linaloweza kuadhibiwa kwa miezi 6 au zaidi. Kwa kosa dogo kuliko hilo anatakiwa kuonyesha mambo kama hofu ya kutoroka au utambulisho usiojulikana. Akitoa hati ya kukamata ya muda, "mandat d'arrêt provisoire", anapaswa kukufikisha mbele ya hakimu wa mahakama ya amani ndani ya siku 5. Hakimu huyo, katika kikao cha faragha, anaweza kuidhinisha siku 15, kisha kuongeza kwa mwezi. Kila kikao cha namna hiyo ni nafasi ya kuomba "liberté provisoire", yaani kuachiwa kwa muda, nawe uende na vitu vinavyojibu swali moja tu: je, huyu atarudi akiitwa? Leta cheti cha makazi, barua ya kazi, vyeti vya watoto shuleni, mtu wa kuheshimika wa mtaa. Dhamana ikiwekwa, italipwa kwa utaratibu wa Serikali na kutolewa risiti, na inarudishwa kwa aliyehudhuria vikao vyake. Itunzeni risiti hiyo kama mnavyotunza hati ya kiwanja. Bila hiyo, kuirudisha pesa ni hija.

Wakili ni ghali, ninajua. Hapa kwetu, mbele ya mahakama ya amani, unaweza pia kusaidiwa na "défenseur judiciaire", mtetezi wa mahakamani asiye wakili, ambaye kwa kesi kama hizi mara nyingi ana uzoefu wa kutosha. Asiye na uwezo aulize ofisi ya mashauri ya bure ya chama cha mawakili, "bureau de consultations gratuites", ambayo humpangia mtetezi. Kinachofaa kuepukwa ni yule mtu wa uwanjani kwa parke, mwenye mkoba na simu mbili, anayesema anamjua kila mtu na kwamba gereza la Kasapa halitakuwapo katika hadithi hii ukimpa kitu leo. Muulize kadi yake ya chama. Mazungumzo huishia hapo.

Kukamatwa papo hapo kunaweza pia kufuata njia ya mkato ya amri-sheria namba 78/001 ya tarehe 24 Februari 1978 kuhusu makosa ya waziwazi, ambapo mtu anapelekwa kwa parke na kufikishwa mbele ya korti haraka sana. Hapo ombi la kwanza la mtetezi ni muda wa kuandaa utetezi, na muda wa kupinga hukumu ni mfupi kuliko kawaida, kwa hiyo uulizwe siku ileile.

Mahakamani: utetezi unaosimama na unaoanguka

Unaoanguka kwanza, tuumalize. "Ilikuwa bia tu, siyo lutuku." "Rafiki zangu walinilazimisha." "Mimi nikinywa ndiyo ninaendesha vizuri." "Na yeye alikuwa amelewa." Huo wa mwisho una faida kidogo: kosa la mhanga linaweza kupunguza fidia, ila halifuti kosa lako. Ulevi wa kujitakia hauondoi wajibu.

Unaosimama unaanza na swali rahisi: nani alikuwa akiendesha? Mtu aliyekutwa amelala kiti cha nyuma, injini imezimwa, funguo mfukoni, huenda alifanya jambo la busara kuliko wote. Upande wa mashtaka ndio unaobeba mzigo wa kuthibitisha, na shaka inamfaa mshtakiwa.

Kisha kuna kuyumba. PV inasema gari lilikuwa likienda upogo. Mwonyeshe hakimu barabara. Mfano: msimu wa mvua, avenue yenyewe haina taa, lami imekatika vipande, kila dereva mzima wa jiji hili anakwenda upogo pale ili kuokoa magurudumu yake. Picha kumi zilizopigwa saa ileile ya usiku, na dereva mwingine wa teksi anayekuja kueleza anavyopita pale, zina nguvu kuliko ukurasa wa maneno ya Kilatini. Magari mengi yetu pia yana usukani wa kulia, yameingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, ilhali sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Dereva wa gari hilo haoni vizuri anapotaka kupita lori, na kosa la namna hiyo lingemtokea hata asiyeonja kitu.

Hapo ndipo mlango ule mwembamba wa ibara ya 52 unapofunguka. Ikiwa breki zilikatika, ikiwa mtoto alichomoka nyuma ya basi kwa umbali ambao hakuna dereva angeweza kusimama, mtetezi anauliza: je, asingekunywa, ajali isingetokea? Jibu likiwa "ingetokea vilevile", ulevi unabaki kosa la barabarani na mauaji ya bila kukusudia yanatikisika. Kwa hoja hiyo unahitaji mchoro wa mahali pa ajali wenye vipimo, urefu wa alama za breki, na fundi aliyelikagua gari kabla halijatengenezwa. Msilitengeneze gari mapema kwa aibu.

Dharura nayo inakubalika, kwa masharti magumu. Mume aliyekunywa kwenye matanga, mke akashikwa na uchungu saa nane za usiku, hakuna teksi, hakuna jirani mwenye gari: hatari ilikuwa ya kweli, ya wakati ule, na haikuwepo njia nyingine. Lazima uonyeshe kwamba njia nyingine zilijaribiwa, na rekodi ya simu ulizopiga inasaidia hapa kuliko machozi.

Ikiwa hatia iko wazi, hakuna aibu kubadilisha utetezi ukawa wa kupunguza adhabu. Hakimu anaweza kuzingatia mambo ya kupunguza uzito, na anaweza kuahirisha utekelezaji wa kifungo kifupi, "sursis", kwa mtu asiye na historia. Mambo anayoyatazama yanaandaliwa kabla ya kikao: umemsaidia majeruhi, umelipa hospitali, umekwenda msibani, umeacha kuendesha tangu siku ile. Yaje kwa karatasi.

Fidia, msiba na mapatano

Ibara ya 258 ya Kanuni ya Kiraia, Kitabu cha Tatu, inamlazimisha aliyeleta hasara kwa kosa lake kuilipa, na ibara ya 260 inamfikia mwajiri wa dereva aliyekuwa kazini. Mhanga anaweza kuingia katika kesi ya jinai kama "partie civile", yaani mdai wa fidia, au kukuita moja kwa moja mbele ya korti bila kungoja parke. Wazee wa pande mbili wakikaa, jambo jema, kila kinachotolewa kiandikwe: kiasi, tarehe, ni cha matibabu au cha mazishi, nani amepokea, mashahidi wawili. Wengi hutoa jeneza, mifuko ya unga na gari la maiti, kisha mahakamani haionekani hata franka moja. Jueni pia kwamba mapatano ya familia yanamaliza deni la fidia kwa kadiri yalivyoandikwa; hayaifungi parke mikono, hasa pakiwa na kifo.

Bima ya madhara kwa watu wengine ni lazima tangu sheria namba 73/013 ya tarehe 5 Januari 1973. Toa taarifa ya ajali haraka kwa maandishi, na kabla ya kuapa kwamba bima italipa, soma katika mkataba wako kipengele kinachohusu pombe.

Dereva wa ajira ana kesi ya pili kazini: Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaruhusu kumwachisha mtu bila notisi kwa kosa zito. Maelezo unayompa mwajiri kwa maandishi yanaweza kufika kwenye faili ya parke, kwa hiyo mtetezi ayaone kwanza.

Baada ya hukumu

Sikiliza kwa makini, na kama Kifaransa kimekupita mwombe mtetezi akurudie papo hapo: kifungo au faini, gharama za kesi, fidia, na siku za kifungo zitakazochukua nafasi ya faini usipolipa. Hukumu ikitolewa mbele yako, una siku 10 za kukata rufaa tangu kutamkwa kwake, na rufaa inakwenda "tribunal de grande instance", mahakama iliyo juu ya ile ya amani. Ikitolewa bila wewe kuwepo, una siku 10 za kuipinga kwa "opposition" tangu siku inayofuata ile uliyoarifiwa binafsi. Ndiyo maana karatasi ya huissier, mjumbe wa korti, iliyoachwa kwa shemeji, ikakaa wiki tatu juu ya kabati, isidharauliwe. Rufaa inatangazwa kwenye ofisi ya karani wa korti, "greffe". Usiondoke bila nakala yenye tarehe na muhuri, na iangalie hapohapo dirishani kama jina lako limeandikwa sawasawa, pamoja na la baba yako.